Cherehani Iliyofika Saa ya Chakula: Risala ya Madereva wa Mlango wa Buluu kwa Mkurugenzi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu uliyeacha meza yenye mafaili ukaja kukaa na sisi kwenye viti vya kuazima. Msimamizi wetu wa zamu. Wenzetu wa ghalani na mafundi wa gereji. Na wewe mama, mzazi wa mgeni rasmi, uliyekaa pale mbele karibu na feni inayofanya kazi. Wanaostahili shikamoo, shikamooni. Wengine wote, hamjambo.

Mgeni rasmi, tumeona ulivyoshtuka kumkuta mama yako hapa wakati asubuhi ulimwacha nyumbani akilalamika magoti. Usiwe na wasiwasi, magoti hayajambo. Sisi ndio tuliomfuata na gari. Sababu tutaifikia, tunaomba uvumilivu.

UKARIBISHO

Karibu sana Mlango wa Buluu. Uwanja huu unaouona unang'aa hivi tangu jana jioni tu, hatutakudanganya. Matairi mabovu yaliyokuwa pale kwenye kona tumeyasukuma nyuma ya choo, na ukienda huko utayakuta.

Msimamizi wetu aliomba aione risala kabla haijasomwa. Tulimwonyesha ukurasa wa kwanza, akaupitisha, akasema ni mzuri na una adabu. Kurasa zilizobaki ziliandikwa baada ya yeye kwenda nyumbani. Tunamwomba radhi mbele yako, kwa sababu ni mtu mwema na hatutaki apate shida kwa midomo yetu.

Sasa hivi ni saa saba na dakika tano mchana. Tumeichagua saa hii kwa makusudi. Hii ndiyo saa yetu ya chakula, ambayo kampuni hailipi. Kwa hiyo ni mali yetu, na mtu humkaribisha mgeni kwenye kilicho chake. Jisikie uko nyumbani.

HISTORIA FUPI

Tulianza na pikipiki mbili na gari moja ambalo mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Mizigo iliandikwa kwenye daftari la shule, mteja akitia sahihi kwa kalamu ya kuazima, mara nyingi kalamu yake mwenyewe. Ikifika saa saba madereva wote walikutana kwenye kibanda kilicho jirani na kituo cha mafuta, wakala, wakasemana, wakajua nani kaoa na nani kaachwa, wakarudi barabarani. Wale wa zamani wanasema hawakuwahi kufika nyumbani baada ya jua kuzama, ila tu kwa sababu zao binafsi ambazo hazihusiani na kampuni.

Leo tuna magari arobaini na moja, na miongoni mwetu wako akina mama tisa. Mmoja wao, Mama Pacha, ndiye anayerudisha gari kinyumenyume kwenye kichochoro ambacho sisi wanaume tunashuka kwanza tukapime kwa hatua.

Miaka miwili iliyopita kampuni ilituletea vimashine vya mkononi. Tunashukuru kwa hilo na tunashukuru kwa dhati. Kimashine kinakuonyesha njia, kinakumbuka idadi, na mteja anatia sahihi kwa kidole. Kina tabia moja tu, ambayo tutaieleza chini.

MAFANIKIO

Kwa muda wa miezi kumi na minne hakuna gari letu lililogonga wala kugongwa, ukiacha ukuta mmoja ambao hata mwenyewe alikiri ulijengwa barabarani.

Tuna daftari letu la mbwa. Kila mbwa wa mji huu mwenye hasira ameandikwa humo, nyumba yake, rangi yake, na anachopenda. Dereva mpya hapewi ufunguo kabla hajalisoma.

Tuna pia daftari la majirani, na hili ndilo tunalojivunia kuliko yote. Mteja asipokuwepo hatuurudishi mzigo ghalani ukalale. Tunajua nani humpokelea nani, nani hazungumzi na nani, na nani ukimwachia boksi la mwenzake atalifungua aone kilichomo. Hatupeleki maneno, mgeni rasmi, lakini tunayajua. Mnaosema madereva wa Mlango wa Buluu ni wambea hamjakosea sana, na leo mtaona faida yake.

Aidha, tunachangiana. Akifiwa mmoja wetu tumefiwa sote, akioa mmoja tunakwenda na magari kumi na honi zote kumi.

CHANGAMOTO

Hapa ndipo msimamizi ataanza kukohoa.

Ikifika saa saba kamili kimashine kinajifunga chenyewe. Hakisomi mzigo, hakipokei sahihi, kinaonyesha tu picha ya kikombe cha chai kinachotoa moshi, mpaka saa nane. Kwa hesabu ya kampuni hapo sisi tumepumzika, na saa hiyo inakatwa kwenye malipo. Aliyebuni jambo hilo tunaamini alitutakia mema. Lakini hakuja kuuliza idadi ya mizigo. Dereva anatoka na mizigo mia na kumi, mia na ishirini. Akiegesha gari kwa saa nzima akitazama kikombe, atamaliza wakati wateja wamelala na mageti yamefungwa. Kwa hiyo haegeshi. Anaendelea kugawa, mkono mmoja usukani, mkono mwingine kipande cha mkate.

Sasa mizigo iliyogawiwa wakati wa kikombe haina sahihi. Tunaiandika kwenye vipande vya maboksi: jina la aliyepokea, saa na dakika. Usiku tukirudi, tunapanga foleni kwenye kompyuta moja iliyo pale stoo, watu arobaini, kila mmoja na kipande chake cha boksi, tunaingiza jina moja moja. Wa kwanza anatoka saa tatu. Wa mwisho anatoka saa tano usiku. Yaani kuna saa moja ya mchana tunayoifanya bure, halafu usiku tunaifanya tena kwa maandishi.

Mtoto wa mwenzetu mmoja aliulizwa shuleni baba yake anafanya kazi gani. Akajibu kwamba baba ni mlinzi wa usiku. Tulicheka sana siku hiyo kwenye foleni. Baba mtu alicheka pia, kisha akauliza kama kuna anayeweza kumpisha mbele.

KUHUSU MWENZETU TARATIBU

Mgeni rasmi, mwenzetu huyu tunamwita Taratibu kwa sababu hajawahi kufunga mlango wa gari kwa kishindo. Ana miaka kumi na moja kazini. Wiki sita zilizopita ulitia sahihi barua ya kumsimamisha. Hatudhani unaikumbuka, kwa maana barua zinazofika mezani kwako ni nyingi, na hiyo ilikuwa fupi.

Ilikuwa hivi. Siku hiyo Taratibu alikuwa na cherehani ya kupeleka, ile ya chuma yenye uzito wa mtoto wa darasa la tatu. Ilikuwa imeagizwa kwa simu ya mama mmoja mfanyabiashara. Alipofika, kimashine kilikuwa kwenye kikombe na nyumba ya mfanyabiashara ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Akagonga hata hivyo, mara mbili. Ng'ambo ya ukuta ikatoka sauti ya mama mtu mzima ikimwambia kwamba cherehani ni yake yeye, jirani alimsaidia tu kuagiza kwa sababu simu yake yeye ni ya kupiga na kupokea, basi ailete huku.

Taratibu akaibeba begani, akaiweka mezani karibu na dirisha, akaifungia mpini, akajaribu gurudumu likazunguka. Akatafuta kipande chake cha boksi aandike, hakukiona. Akakumbuka: asubuhi alikuwa amekisokomeza chini ya mguu wa friji ya mteja fulani, kwa kuwa friji ilikuwa inayumba na yeye hawezi kuona kitu kikiyumba akakiacha. Akaandika jina la mama yule kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, na dakika: saa saba na arobaini. Akataka kuondoka.

"Umekula?" mama akamuuliza.

"Nitakula, mama. Niko kazini."

"Kazini saa hizi? Hebu nione hiyo simu yako." Akakitazama kikombe kinachofuka moshi. "Hata simu imekwambia ukanywe chai, wewe unabishana nayo. Kaa hapo."

Taratibu akakaa. Kilikuwa kiti chenye mto. Kwa miaka miwili alikuwa hajala chakula cha mchana akiwa amekalia kitu kisicho na usukani mbele yake, na hapo ndipo alipogundua kwamba mgongo wake unauma. Mama akamletea beseni na jagi, akammiminia maji, akampa sabuni, akamwambia asugue vizuri maana mikono ya madereva anaijua. Akasugua vizuri. Akala sahani ya kwanza, akaongezewa ya pili. Mama akamsimulia habari za wajukuu wake, naye akacheka mpaka akapaliwa. Kwa robo saa hakuna mtu aliyemwuliza amefika wapi.

Alipokuwa anajifuta mikono ndipo alipokiona kiganja. Kilikuwa kimetakata kama cha mtoto mchanga.

Wengine wetu tulimlaumu hapa. Kwa nini hukuuliza jina tena? Lakini jiwekeni kwenye viatu vyake. Mtu amekutajia jina lake, ukaitikia, ukala chakula chake sahani mbili, ukacheka na wajukuu wake, halafu usimame mlangoni umwulize, samahani, hivi wewe ni nani? Aliona haya. Akajiambia jina atalikumbuka tu. Akaaga kwa heshima zote.

Usiku, mbele ya kompyuta, alikumbuka mto wa kiti. Alikumbuka mchuzi. Alikumbuka kwamba mjukuu wa pili anaogopa kuku. Jina halikuja. Nyuma yake kulikuwa na watu kumi na tisa wanaosubiri, wanapiga miayo na kumwambia afanye haraka. Kompyuta haikubali nafasi tupu. Basi akaandika alichokuwa na uhakika nacho: Mama Mkarimu.

Ofisi ilidhani ni mzaha. Wakampigia simu yule mfanyabiashara aliyeagiza, naye alikuwa safarini, akasema mimi sijapokea mzigo wowote, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu, kisha simu ikakatika, na tangu hapo haijapatikana wala yeye hajarudi. Taratibu akaeleza yote kama tulivyoyaeleza hapa. Akaambiwa kwamba kumbukumbu za kampuni zinaonyesha kuwa saa saba na dakika arobaini yeye alikuwa amepumzika, na mtu aliyepumzika hawezi kukabidhi cherehani. Akarudi kwenye ile nyumba kumtafuta mama. Akakuta milango imefungwa, hakuna mtu. Kesho yake barua ikatoka: kupoteza mzigo na kuandika jina la uongo. Baada ya wiki sita kamati itakaa kumwachisha kabisa. Wiki ya sita ndiyo hii.

Shemeji yetu, mke wake, alituambia kwamba mumewe anaamka saa kumi na moja kama kawaida, anavaa sare, anakumbuka, anaivua. Anafagia uwanja mara tatu kwa siku. Akimaliza, anauegesha ufagio ukutani polepole, anatazama kulia na kushoto kama kuna gari linakuja.

Hatukuweza kuvumilia. Tukachukua daftari la majirani tukaanza kuuliza. Kila geti tuliloshusha mzigo tuliuliza: mnamjua mama mtu mzima mwenye cherehani mpya na mjukuu anayeogopa kuku? Tulipata cherehani saba ambazo sizo. Tulipata watoto wengi ajabu wanaoogopa kuku. Wenzetu wawili walipata wachumba katika shughuli hiyo, na mmoja ameshavisha pete.

Alhamisi iliyopita mwenzetu Kipaza, ambaye jina lake linajieleza, alipeleka boksi la vyombo kwenye nyumba moja kubwa yenye geti jeusi. Kutoka chumba cha wageni akasikia mlio wa cherehani. Akamwambia dada aliyefungua kwamba anaomba maji ya kunywa. Mama akatoka mwenyewe na bilauri. Kipaza akauliza swali lake la kuku.

"Ah, yule kijana mwenye njaa," mama akasema. "Yuko wapi, mbona hakurudi? Nilisahau kumwambia kwamba nahamia kwa mwanangu, angekuja huku huku."

Kipaza akamwambia kijana amesimamishwa kazi, na kisa ni cherehani hiyo hiyo.

"Nani kamsimamisha?"

"Mkurugenzi, mama."

"Mkurugenzi yupi?"

Mgeni rasmi, Kipaza aliinua kidole, akaonyesha picha kubwa iliyotundikwa ukutani, ile uliyovaa joho la kuhitimu.

Cherehani haijapotea. Iko kwako, chumba cha wageni, dirisha la upande wa mashariki. Mama Mkarimu ndiye huyu aliyekaa karibu na feni. Na tunaomba ushahidi uingie kwenye kumbukumbu: shati ulilovaa, lenye mifuko miwili ambalo watu wamelisifia tangu ushuke garini, limeshonwa na cherehani iliyopotea. Mama alituahidi atakuvalisha leo. Ungekuja na suti, msomaji wetu alikuwa ameelekezwa aruke mistari hii.

Tulitaka kuja ofisini kimya kimya tukueleze. Mama ndiye aliyekataa. Tunanukuu maneno yake kama alivyoyasema, na yeye yupo, atasahihisha:

"Mkimwambia pembeni atawajibu kwamba atafuatilia. Namjua, nimemzaa. Msomeeni mbele ya watu, na mimi niwepo."

Hatukukualika ili tukuaibishe. Tunajua ulitia sahihi kwa kuwa karatasi ilisema hivyo, na karatasi ilisema hivyo kwa kuwa kimashine kilisema hivyo. Kimashine kilimwona mtu anakunywa chai. Mama yako alimwona mtu anabeba chuma begani.

MAOMBI

Tunaomba kikombe kisijiwashe chenyewe. Dereva akiegesha kweli, akakaa kweli, abonyeze mwenyewe, na hiyo saa ikatwe bila ugomvi, tutakula na tutashukuru. Asipobonyeza maana yake anafanya kazi, basi kimashine kipokee sahihi na saa hiyo ilipwe. Tukipata hilo, foleni ya usiku itakufa yenyewe, kwani hakutakuwa na vipande vya maboksi vya kuingiza, na yule mtoto tuliyemtaja atajua baba yake ni dereva.

Kama hilo litahitaji kamati, tunaomba kamati ipande magari yetu siku moja, na ije na chakula chake.

Tunaomba pia mabenchi mawili chini ya paa lile, na bomba la maji likae ndani badala ya nje ya uzio. Msimamizi anasema bomba limo kwenye mpango. Hatumpingi, ila mpango una umri sawa na mtoto wa Mama Pacha anayesoma chekechea.

Ombi la mwisho halihitaji fungu la fedha. Barua uliyotia sahihi inamkataza Taratibu kuvuka geti hili. Hajalivuka. Tangu saa sita na nusu amesimama upande wa pili, sare imepigwa pasi, shemeji yetu yuko pembeni yake. Spika moja tumeigeuzia huko, kwa hiyo amesikia kila kitu, na bila shaka ameona haya kwa ile habari ya sahani mbili. Mlinzi ameshika komeo. Tumembembeleza tangu asubuhi, amekataa. Anasema hafungui kwa makofi wala vigelegele, anafungua kwa neno la Mkurugenzi peke yake, na tunamheshimu kwa hilo.

Hotuba yako tutaisikiliza baadaye kwa furaha. Kwa sasa geuka kidogo kulia, utamwona kati ya nondo za geti. Mwambie tu mlinzi afungue.

Mungu akupe afya na usingizi mtamu, amzidishie mama yetu nuru ya macho apitishe uzi kwenye sindano miaka mingi bila miwani, na barabara zituone tukienda na zituone tukirudi.

Ni sisi wako watiifu, Umoja wa Madereva Wasambazaji wa Mlango wa Buluu: arobaini tulio ndani, na mmoja aliye nje ya geti.